Kifua Kikuu Kisichokaa Kifuani

Msafiri atokaye Isaka kwenda Kahama hupita katika mji wa Kagongwa. Huu ni mji wa mashine za kukoboa mpunga, maghala ya mchele na malori yaelekeayo mpaka wa Rwanda. Lakini pia ni mji wa njiani kwa watu waendao machimboni na warudio kutoka huko, maana nchi inayoendelea mbele yake, kupitia Kahama hadi Geita, ni ukanda wa dhahabu. Wakazi wa miji ya namna hii wametoka pande nyingi za nchi. Wengi ni vijana, hukaa katika vyumba vya kupanga, na mtu akiugua hutafuta kwanza dawa iliyo karibu, kwa kuwa siku isiyofanyiwa kazi ni siku isiyo na fedha.

Yafaa kuchukua mfano wa mgonjwa mmoja wa mji huo. Mgonjwa huyu ni wa kubuni, ila dalili zake ni zile ambazo waganga wa hospitali wamekwisha kuziona mara nyingi. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyefanya kazi miaka sita katika maduara ya dhahabu na kwenye makarasha ya kusagia mawe. Kwa miezi mitatu tumbo limekuwa likimuuma upande wa kulia, chini ya kitovu. Maumivu huja baada ya kula, hukaza kama kamba inayovutwa, kisha huachia. Jioni hupata homa, na usiku hutokwa na jasho jingi. Suruali yake inalegea kiunoni. Wiki moja anaharisha, na wiki inayofuata hapati choo. Hakohoi.

Ameambiwa kuwa ana taifodi, akanywa dawa. Ameambiwa kuwa ni amiba, akanywa dawa. Ameambiwa kuwa ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa. Kila mara alipata nafuu ya siku chache. Hatimaye usiku mmoja tumbo likavimba, akaanza kutapika maji ya kijani, wala hakuweza hata kutoa hewa. Alifikishwa hospitali akiwa mtu wa kupasuliwa. Daktari mpasuaji alikuta utumbo umebanwa na makovu, na kipande kilichopelekwa maabara kikaleta jibu ambalo halikutajwa na mtu yeyote katika miezi ile mitatu: kifua kikuu.

JINA LINALOPOTOSHA

Jina la Kiswahili la ugonjwa huu limetokana na mahali unapoonekana zaidi, yaani kifuani. Mtu alisikiapo hufikiri juu ya kikohozi na makohozi yenye damu. Hata hivyo kijidudu chenyewe, kiitwacho Mycobacterium tuberculosis, hakichagui mapafu peke yake. Huweza kukaa katika tezi za shingo, katika mifupa ya uti wa mgongo, katika utando wa ubongo, katika figo, na katika tumbo. Kifua kikuu cha tumbo ni sehemu ndogo tu ya kifua kikuu chote, na kwa sababu hiyo si rahisi kukumbukwa. Tanzania, hata hivyo, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mahali ambapo ugonjwa ni mwingi, hata sehemu yake iliyo ndogo ni watu wengi.

Ushahidi wa jambo hili umo katika Kanda ya Ziwa yenyewe. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2013 taarifa ya wagonjwa 256 wa kifua kikuu cha tumbo waliohudumiwa hapo tangu Januari 2006 hadi Februari 2012. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28. Kati yao, 127 walikuwa na utumbo ulioziba, na 106 walikuwa na uvimbe mkali wa peritoneo, yaani ule utando unaofunika viungo vya ndani ya tumbo. Waliopasuliwa walikuwa 212.

Msomaji makini ataona kwamba hesabu hizi zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zilikusanywa na madaktari wapasuaji, na kwa kawaida mpasuaji huletewa wagonjwa waliokwisha kuharibikiwa. Hazisemi kwamba kila mwenye ugonjwa huu huishia mezani pa upasuaji. Zinalosema ni kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi ya wagonjwa hao walifika hospitali wakiwa katika mojawapo ya hatari hizo mbili, ilhali ugonjwa wenyewe huenda taratibu kwa majuma na miezi. Maana yake ni kwamba muda wa kuutambua mapema ulikuwapo, nao ukapita.

NJIA YA KIJIDUDU MPAKA UTUMBONI

Kijidudu cha kifua kikuu huweza kufika utumboni kwa njia nne. Ya kwanza ni makohozi: mtu mwenye ugonjwa mapafuni humeza makohozi yake, hasa usingizini, na vijidudu hushuka pamoja nayo. Ya pili ni damu, ambayo huvichukua kutoka mahali pa kwanza pa maambukizo na kuvisambaza mwilini. Ya tatu ni kuenea kutoka katika tezi au kiungo cha jirani kilichokwisha kushambuliwa. Ya nne ni chakula, hasa maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye kifua kikuu cha ng'ombe, kinacholetwa na ndugu wa kijidudu hiki, Mycobacterium bovis.

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini asidi ya mfuko wa chakula, iuayo vijidudu vingi, isikiue na hiki? Jibu limo katika ukuta wa kijidudu chenyewe. Ukuta huo umejaa mafuta mazito yenye asili ya nta, ambayo huzuia asidi isipenye kwa urahisi. Kijidudu hupita salama, huteremka katika utumbo mwembamba, na mara nyingi hutua mwisho wake, pale unapokutana na utumbo mpana, karibu na kidole tumbo. Katika taarifa ya Bugando hapo ndipo palipokuwa pameshambuliwa zaidi, kwa wagonjwa 122.

Mahali hapo pana sifa mbili zinazokifaa kijidudu. Kwanza, chakula hukawia hapo kabla ya kuruhusiwa kuingia katika utumbo mpana, na kwa hiyo kijidudu hupata muda wa kugusana na ukuta wa utumbo. Pili, pana mabaka mengi ya tishu za kinga, yaitwayo mabaka ya Peyer. Kazi ya mabaka hayo ni kunasa na kuchunguza vitu vigeni vipitavyo. Kijidudu cha kifua kikuu hunaswa kama vingine, lakini kikiisha kumezwa na chembechembe za kinga hakifi. Huishi na kuzaana ndani ya zile zile zilizotumwa kukiua.

KIDONDA KINACHOZUNGUKA

Kijidudu cha homa ya matumbo, yaani taifodi, nacho hushambulia mabaka hayo hayo ya Peyer. Hii ni sababu mojawapo ya magonjwa haya mawili kufanana. Lakini vidonda vyao havifanani, na tofauti yake yaeleza mambo mengi.

Mabaka ya Peyer yamelala kwa urefu wa utumbo. Kidonda cha taifodi hufuata umbo la baka, kwa hiyo nacho hulala kwa urefu. Hatari yake kubwa ni kuchimba kwenda chini mpaka utumbo utoboke. Kidonda cha kifua kikuu hufuata mishipa midogo ya limfu, ambayo huuzunguka utumbo kama pete zinavyozunguka kidole. Kwa hiyo kidonda nacho hukata utumbo kwa mapana yake. Mwili unapojaribu kukiponya, kovu hufanyika, na kila kovu lina tabia ya kujikunja. Kovu lililolala kwa urefu likijikunja, utumbo hufupika kidogo tu. Kovu lililozunguka kama pete likijikunja, njia hubanwa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa mpira mwembamba wa maji na uzi. Uzi uliolazwa juu ya mpira hauzuii maji hata ukivutwa. Uzi ule ule ukizungushwa na kukazwa, maji hupungua mpaka yakakatika. Ndiyo maana mgonjwa wa mfano wetu aliumwa baada ya kula: utumbo ulikuwa ukijikamua kwa nguvu kupitisha chakula katika tundu jembamba. Na kwa kuwa ugonjwa haukutibiwa, tundu lilizidi kuwa jembamba hadi usiku lilipoziba kabisa.

VUMBI, VIRUSI NA MAZIWA

Ukanda wa dhahabu una mambo matatu yanayoupa ugonjwa huu nafasi.

La kwanza ni vumbi. Dhahabu ya eneo hili hupatikana mara nyingi katika mawe ya kwatzi, na kwatzi ni silika tupu. Jiwe likitobolewa au kusagwa likiwa kavu, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa jicho, ambalo hufika mwisho kabisa wa mapafu. Huko hulijeruhi lile lile kundi la chembechembe za kinga ambalo lingepambana na kifua kikuu. Mapafu hupata makovu ya ugonjwa uitwao silikosisi, na mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, hata miaka mingi baada ya kuacha kuchimba.

La pili ni virusi vya UKIMWI, ambavyo hudhoofisha kinga kwa namna nyingine, na ambavyo huongeza hasa uwezekano wa kifua kikuu kutokea nje ya mapafu. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba hatari hizi mbili zikikutana kwa mtu mmoja hazijumlishwi, bali huzidishwa. Ikiwa moja huongeza hatari mara tatu na nyingine mara tano, basi mwenye zote mbili hayuko katika hatari ya mara nane, bali ya mara kumi na tano.

La tatu ni maziwa. Usukuma ni nchi ya ng'ombe, na wapo watu wapendao maziwa yasiyochemshwa. Historia ya elimu ya jambo hili ina funzo lake. Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alisema mwaka 1901 katika mkutano wa London kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Tume iliyoundwa Uingereza kulichunguza dai hilo ilimaliza kazi yake mwaka 1911 na kuonyesha kinyume: watu, hasa watoto, walikuwa wakiambukizwa kwa maziwa. Ukubwa wa jina la mwanasayansi haukutosha kulifanya neno lake liwe kweli. Hapa Tanzania, taarifa iliyochapishwa mwaka 2001 na watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ilieleza kupatikana kwa kijidudu cha ng'ombe katika tezi za shingo zilizovimba za baadhi ya wagonjwa. Hapana budi kukumbuka pia kwamba kuchemsha maziwa hukiua kijidudu hicho.

UGUMU WA KUUTAMBUA

Homa, maumivu ya tumbo, kukonda na kuharisha si dalili za ugonjwa mmoja. Taifodi huwa nazo. Amiba nao huleta maumivu na kuharisha. Kichocho cha tumbo, kilichozagaa kandokando ya Ziwa Viktoria, huharibu utumbo pia. Saratani ya utumbo huleta uvimbe na kukonda. Uvimbe wa kidole tumbo huuma mahali pale pale, chini kulia. Upo pia ugonjwa uitwao Crohn, unaofanana na kifua kikuu cha utumbo kiasi cha kuwatatiza hata mabingwa. Kosa la kuchanganya haya mawili ni la hatari, kwa maana Crohn hutibiwa kwa dawa zinazopunguza kinga ya mwili, na mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo peke yake, ugonjwa wake huachiwa njia.

Kati ya hayo yote, taifodi ndiyo inayotajwa kwa wepesi zaidi, na mara nyingi kwa nguvu ya kipimo kimoja cha damu. Kipimo cha Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896, hakitafuti kijidudu cha taifodi. Hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulitengeneza dhidi yake. Silaha hizo huweza kuwa za vita ya zamani, au za vita dhidi ya kijidudu kingine cha ukoo huo. Kwa hiyo jibu la “ndiyo” la kipimo kimoja cha Widal si uthibitisho wa taifodi, na kwa mtu aliyeugua miezi mitatu ni uthibitisho dhaifu zaidi. Taifodi haina desturi ya kwenda na mtu miezi mitatu akitembea na kukonda taratibu.

Upande wa pili, vipimo vya kawaida vya kifua kikuu vyaweza kusema “hapana” kwa mgonjwa anacho. Makohozi ya mtu asiye na ugonjwa mapafuni hayana vijidudu, na wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha tumbo wana picha safi ya eksirei ya kifua. Jibu la namna hiyo ni la kweli kuhusu mapafu, lakini halisemi lolote kuhusu tumbo. Kanuni ni rahisi kuitaja, ingawa si rahisi kuitimiza: ushahidi hutafutwa mahali ulipo ugonjwa.

USHAHIDI WA MAABARA

Daktari anayeshuku huanza na kupapasa tumbo na kupiga picha ya altrasaundi. Picha hiyo huweza kuonyesha tezi zilizovimba, ukuta wa utumbo ulionenepa, au maji yaliyokusanyika tumboni. Maji hayo huchotwa kwa sindano na kupimwa. Yakiwa na protini nyingi, chembechembe nyingi za aina ya limfu, na kiasi kikubwa cha kimeng'enya kiitwacho adenosini diaminasi, shaka ya kifua kikuu huongezeka sana.

Hatua inayofuata ni kupata kipande kidogo cha tishu. Hupatikana kwa endoskopu, yaani mpira mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, au kwa tundu dogo linalofunguliwa tumboni. Kipande hicho hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Mwanapatholojia hutafuta vinundu viitwavyo granuloma, ambavyo katikati yake tishu imekufa na kuwa laini kama jibini. Vinundu vya namna hiyo ni alama yenye uzito mkubwa.

Kumwona mkosaji mwenyewe ni kazi zaidi. Njia ya zamani ni kupaka rangi nyekundu, kuosha kwa asidi, kisha kupaka rangi ya buluu. Ukuta wa nta hushikilia rangi nyekundu hata baada ya asidi, na vijidudu huonekana kama vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu. Lakini ili vionekane kwa hadubini vinatakiwa viwe kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja, na katika utumbo huwa vichache mno kuliko hivyo.

Njia ya pili ni kuviotesha. Hapa subira yahitajika, nayo hesabu yaeleza kwa nini. Bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi hali ikiwa nzuri. Kijidudu cha kifua kikuu huchukua saa 20 hivi. Ili mmoja azae milioni moja yahitajika migawanyiko 20, kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 hupatikana 1,048,576. Kwa E. coli hiyo ni kazi ya chini ya saa saba. Kwa kifua kikuu ni saa 400, yaani karibu siku 17, na milioni moja bado ni wachache. Ndiyo sababu jibu la kuotesha huchukua majuma kadhaa, na ndiyo sababu pia ugonjwa wenyewe huenda polepole.

Njia ya tatu ni mashine ya jeneksperti, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2010. Mashine hii hutafuta kipande cha jeni cha kijidudu, hukinakili mara nyingi, na kwa saa mbili hivi hutoa jibu. Na papo hapo huonyesha kama kijidudu kimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Yaweza kupima pia vipande vya tishu na maji ya tumboni. Hata hivyo, katika sampuli za tumbo hukosa wagonjwa wengi. Jibu la “kimeonekana” huaminika sana. Jibu la “hakikuonekana” halimalizi shauri. Kwa hiyo daktari huweka pamoja dalili, picha, maji, tishu na jeni, kama hakimu apimavyo mashahidi ambao hakuna hata mmoja aliyeona yote.

TIBA ILIYOPIMWA AFRIKA MASHARIKI

Baada ya ugumu wote huo, tiba yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kwa miezi miwili mgonjwa humeza dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kwa miezi minne inayofuata humeza mbili, rifampisini na isoniazidi. Majaribio yaliyofanywa India na Korea Kusini yameonyesha kwamba miezi sita yatosha kwa kifua kikuu cha tumbo, kama itoshavyo kwa cha mapafu. Nchini Tanzania dawa hizi hutolewa bure.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanastahili kujua kwamba kupunguzwa kwa tiba hadi miezi sita kulithibitishwa kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa nchi zao. Zamani tiba ilidumu miezi 18 hivi, na wengi waliiacha njiani. Mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya jaribio la pamoja la Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wagonjwa wa mapafu waliotibiwa miezi sita kwa streptomaisini na isoniazidi peke yake walirudiwa na ugonjwa kiasi cha 29 katika 100. Walioongezewa rifampisini walirudiwa 3 hivi katika 100.

Dawa iliyo nzuri haifai kitu ikiachwa njiani. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ukishauriwa na daktari Karel Styblo. Kila mgonjwa aliandikishwa katika daftari la wilaya, alisimamiwa katika kumeza dawa, na matokeo yake yalihesabiwa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu wa namna hiyo duniani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mfano.

Yako mambo ambayo mgonjwa apaswa kuelezwa tangu siku ya kwanza. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na hilo si damu. Macho yakiwa ya manjano, arudi hospitali mara moja, kwa kuwa ini huenda limeumia. Homa hupungua katika majuma ya mwanzo na hamu ya chakula hurudi, lakini kupata nafuu si kupona. Mchimbaji anayehama kutoka rashi moja hadi nyingine achukue barua ya uhamisho, ili dawa zimfuate aendako. Na ikiwa kijidudu ni cha ng'ombe, kuotesha hufaa zaidi, maana kijidudu hicho kwa asili yake hakidhuriki na pirazinamidi, na tiba yaweza kuhitaji kurefushwa.

KAZI YA KISU

Upasuaji hauponyi kifua kikuu. Huondoa madhara ambayo vidonge haviwezi kuyasubiri: utumbo ulioziba kabisa, uliotoboka, au unaovuja damu nyingi. Baada ya upasuaji mgonjwa hurudi kwenye vidonge vile vile na kwa muda ule ule. Pia hutokea kwamba utumbo hubana zaidi mgonjwa akiwa tayari katika tiba, kwa kuwa vidonda vinapopona huacha makovu yale yanayojikunja. Hili si dalili kwamba dawa zimeshindwa. Ni deni la miezi iliyopotea kabla ya dawa kuanza.

LINALOWEZA KUFANYWA

Katika miji kama Kagongwa, mengi ya kuzuia ugonjwa huu hayahitaji mitambo mikubwa. Jiwe likilowanishwa kabla ya kutobolewa na kusagwa, vumbi hupungua. Maziwa yakichemshwa, njia moja ya maambukizo hufungwa. Mwenye kikohozi akipimwa na kutibiwa mapema, hubaki na makohozi machache ya kumeza na machache ya kuwarushia wenzake chumbani. Mtu akijua hali yake ya virusi vya UKIMWI na kuanza dawa, kinga yake hurudi.

Kuhusu kutambua, jambo la kwanza halifanywi na mashine bali na watu: mwenye duka la dawa, mwalimu, mzazi, mwenzi wa chumba kimoja. Mtu mwenye maumivu ya tumbo yanayorudi, homa za jioni na kukonda, na ambaye amekwisha kumaliza dozi moja ya dawa ya taifodi bila kupona, hapaswi kuanzishiwa dozi ya pili ya dawa ile ile. Anapaswa kupelekwa hospitali, na huko aulizwe kama amewahi kuchimba, kama ameishi na mtu mwenye kifua kikuu, na kama hunywa maziwa mabichi. Kijana wa mfano wetu alikuwa na majibu ya maswali hayo tangu mwezi wa kwanza. Kama angeulizwa wakati huo, huenda vidonge vya miezi sita vingetosha, na tumbo lake lisingepasuliwa.